Sheria na Mwananchi: Lori Limegonga na Kukimbia



Mwezi huu tunazungumza juu ya jambo linalowapata watu wengi wanaokaa kando ya barabara kuu. Motokaa imemgonga mtu. Dereva hakusimama. Amekanyaga mafuta, amekwenda zake. Je, wewe uliyegongwa unaweza kudai malipo? Na kama unaweza, utaionyeshaje korti kwamba dereva huyo alifanya makosa, hali hujui jina lake wala sura yake?

Tuseme mtu mmoja wa Maungu anarudi nyumbani kwa baiskeli. Ni saa moja kasoro jioni. Amebeba mitungi miwili ya maji. Anapita kushoto kabisa, karibu na mchanga. Nyuma yake yanakuja malori mawili kutoka Mombasa, yakielekea Voi. Lori moja linataka kulipita jingine. Mara basi linatokea mbele. Dereva wa lori lile anarudi kushoto kwa haraka. Kichwa cha lori kinampita mwenye baiskeli, lakini trela inatoka nje ya lami na kumpiga. Anaanguka. Mguu umevunjika mahali pawili. Lori halikusimama.

Watu wanakuja mbio. Wanasema, "Pole, ndugu. Aliyekugonga amekimbia. Hakuna kesi hapo." Wanamwinua, wanaokota baiskeli, na mtoto mmoja anafagia vioo ili visiwachome watu miguu.

Watu hao wana huruma, na kumpeleka mgonjwa hospitali ni jambo la kwanza. Hilo halina mjadala. Lakini wamekosea mambo mawili. Si kweli kwamba hakuna kesi. Na vile vioo vilivyofagiwa huenda ndivyo vingesema gari lilikuwa lipi.

Kwanza tujue neno uzembe. Katika sheria, uzembe ni kutokuwa na uangalifu ambao mtu mwenye akili timamu angekuwa nao mahali pale. Dereva anayemwona mwenye baiskeli mbele yake ni lazima ampe nafasi. Ni lazima aendeshe kwa mwendo unaomwezesha kusimama. Ni lazima asilipite gari jingine mpaka aone njia ni nyeupe. Asipofanya hivyo na mtu akaumia, huo ni uzembe, na mwenye kuumia ana haki ya kulipwa.

Lakini angalia sana hapa. Kugongwa peke yake si ushahidi wa uzembe. Watu wengi hushindwa kortini kwa sababu hii. Mtu anakuja na karatasi ya polisi, ile iitwayo abstrakti, na cheti cha daktari. Hakimu anauliza, "Dereva alifanya kosa gani?" Anajibu, "Alinigonga." Hakimu anauliza tena, "Alikugonga vipi?" Hana la kusema. Abstrakti inaonyesha kwamba ajali ilitokea, siku gani, mahali gani, na gari gani. Haisemi nani mwenye makosa. Cheti cha daktari kinaonyesha kwamba mfupa umevunjika. Hakisemi nani aliuvunja, wala kwa nini.

Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, inasema kwamba anayedai jambo ndiye mwenye kulithibitisha. Kwa hiyo mzigo ni wako wewe uliyeumia. Hata hivyo mzigo huo si mzito kama wa kesi ya jinai. Katika kesi ya jinai ni lazima hakimu asiwe na shaka yoyote ya maana. Katika kesi ya madai anapima tu kama kwenye mizani ya dukani. Upande ulio mzito zaidi, hata kidogo, ndio unaoshinda.

Sasa turudi Maungu. Dereva hayupo, lakini ameacha maneno yake barabarani. Magurudumu ya trela yametoka nje ya lami na kuacha alama kwenye mchanga. Alama hizo zinasema, "Nilikuja mahali pasipo pangu." Baiskeli imeangukia hatua tatu nje ya lami. Hilo linasema kwamba mwenye baiskeli hakuwa katikati ya barabara. Kama kuna alama ndefu nyeusi za breki, huenda zikaonyesha kwamba gari lilikuwa likienda kasi. Kama hakuna alama ya breki hata kidogo, huenda dereva hakumwona mtu kabisa, na kutoona mtu aliye mbele yako ni uzembe pia.

Mara nyingine ajali yenyewe inajisemea. Kama umeketi mbele ya duka, mbali na barabara, na gari likaacha njia likakufuata hapo, hakimu hatakuuliza mengi. Magari hayaachi barabara na kuingia madukani kama madereva wanaangalia. Mwenye gari ndiye atakayepaswa kueleza.

Lakini alama za mchangani hazikai. Upepo unakuja, mbuzi wanapita, na malori mengine mia yanapita juu yake kabla ya asubuhi. Kwa hiyo, wewe uliye mzima, ukifika mahali pa ajali, mwite polisi upesi na uzuie watu wasikanyage alama. Siku hizi karibu kila kijana ana simu yenye kamera. Mwambie apige picha za alama, baiskeli, vioo, na barabara yote kutoka mbali na kutoka karibu. Aweke kiatu au chupa kando ya alama ili urefu wake ujulikane. Picha hizo asizifute, na simu asiiuze kabla ya kesi kwisha. Korti huenda ikataka kuiona simu yenyewe na aliyepiga picha.

Vipande vya taa, kioo cha pembeni na rangi iliyobaki kwenye baiskeli ni vitu vya polisi. Viacheni mahali pake mpaka afisa afike. Lori lenye kioo kimoja likipatikana Voi au Mtito Andei, na kile kipande cha Maungu kikiingia sawasawa mahali palipovunjika, dereva hatakuwa na la kujificha. Baiskeli usiipeleke kwa fundi. Najua unaihitaji kwa kazi. Lakini ukishainyosha, umeunyosha na ushahidi wako. Na nguo za mgonjwa msizifue. Zikaushwe kivulini, zifungwe kwenye karatasi, zipelekwe polisi.

Nambari ya gari ndiyo muhimu kupita yote. Na hapa wengi hukosea, hasa kwa malori yenye trela. Nambari ya mbele ni ya kichwa cha lori. Kwa magari ya Kenya huanza na herufi K. Trela ina nambari yake yenyewe, inayoanza na Z. Kwa hiyo shahidi aliyeona nyuma tu atataja nambari ya Z, na yule aliyeona mbele atataja nambari ya K. Watu huanza kubishana na kusema mmoja ni mwongo. Wote wawili wasema kweli. Andika zote mbili. Trela nayo ina mwenyewe, na jina lake limeandikishwa.

Hata kama umeshika nusu ya nambari tu, iandike. Andika na rangi ya kichwa, rangi ya turubai, maneno yaliyoandikwa mlangoni, na mzigo uliokuwa juu. Andika na saa. Saa ina faida kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Lori lenye mzigo lililotoka Mombasa limepita mizani ya Mariakani, na pale magari ya mizigo hupimwa na kuandikwa. Vituo vingi vya mafuta vina kamera. Polisi akijua kwamba ni lori jeupe lenye turubai la buluu, lililopita Maungu saa moja kasoro dakika kumi, ana mahali pa kuanzia. Akiambiwa "lori kubwa", hana.

Halafu mashahidi. Yule dereva wa lori la pili, lililokuwa likipitwa, aliona kila kitu. Mwombeni jina, nambari ya kitambulisho, simu, na nambari ya gari lake kabla hajaondoka. Wauza mahindi, waendesha bodaboda na mwenye hoteli waandikwe pia. Lakini jueni tofauti ya kuona na kusikia. Shahidi anayesema, "Niliona trela ikitoka nje ya lami ikampiga," huyo ni shahidi. Anayesema, "Nilisikia kishindo, halafu watu wakaniambia alikuwa mwendo wa kasi," huyo anaweza kuieleza korti kishindo tu. Maneno aliyoambiwa hayatasaidia. Afadhali mashahidi wawili walioona kuliko kumi walioambiwa.

Polisi wakifika, waombeni wachore ramani ya mahali, nanyi muwaonyeshe mahali hasa mtu alipogongwa, si mahali mlipomlaza baadaye. Kisha nendeni stesheni na mhakikishe kwamba ajali imeandikwa katika kitabu cha matukio. Mtapewa nambari ya OB. Nambari hiyo iandikwe mahali pawili, maana karatasi hupotea. Baadaye mtachukua fomu ya P3 ajaze daktari, na abstrakti. Kama abstrakti inasema gari halijulikani, msikate tamaa. Rudini baada ya wiki mbili mkaulize uchunguzi umefika wapi. Rudini tena. Faili isiyoulizwa hulala. Na kama stesheni inakataa kabisa kuandika ajali yenu, kuna ofisi inayoangalia kazi ya polisi, iitwayo IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Mwananchi anaweza kupeleka malalamiko huko.

Sasa tuseme gari limejulikana, lakini dereva bado hajulikani. Hapa ndipo watu wengi huacha kesi bila sababu. Hudhani kwamba ni lazima wampate dereva kwanza. Si hivyo. Sheria ya Barabarani, Sura ya 403, inasema kwamba mtu ambaye gari limeandikishwa kwa jina lake ndiye mwenye gari, mpaka kinyume chake kithibitishwe. Jina hilo linapatikana katika daftari za Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA. Na korti zetu za Afrika Mashariki zilikwisha sema tangu mwaka 1969: ikithibitishwa kwamba gari limeleta madhara kwa uzembe, itachukuliwa kwamba aliyeliendesha alikuwa mtu wa mwenye gari, mpaka mwenye gari aonyeshe vingine.

Maana yake ni hii. Unamshtaki mwenye gari. Akisema, "Gari langu liliibwa siku ile," basi yeye ndiye wa kueleza. Aliripoti wizi lini? Stesheni gani? Akisema, "Dereva alilichukua bila ruhusa," alete ushahidi wake. Wewe kazi yako ni kuonyesha mambo mawili: kwamba gari lililokuumiza ni lile, na kwamba liliendeshwa vibaya.

Mwenye gari naye kwa kawaida hatoi fedha mfukoni. Sura ya 405 inalazimisha kila gari barabarani liwe na bima ya watu wengine, yaani bima ya kuwalipa watu ambao gari limewaumiza au kuwaua. Jina la kampuni ya bima mara nyingi huandikwa kwenye abstrakti. Wakili wako aiandikie kampuni hiyo mapema kwamba kesi inafunguliwa. Ukinyamaza mpaka siku ya hukumu, kampuni inaweza kusema haikuarifiwa, na ikakataa kulipa.

Na kama lori ni la Uganda, Rwanda au nchi nyingine jirani? Barabara yetu ya Mombasa ina malori mengi ya namna hiyo. Usidhani kesi imevuka mpaka pamoja na lori. Tangu miaka ya 1980 nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika zina mpango wa bima uitwao Kadi ya Njano ya COMESA. Lori la kigeni lenye kadi hiyo lina bima hapa kwetu pia, na madai hushughulikiwa katika nchi ilipotokea ajali.

Tumebakiwa na hali iliyo ngumu kuliko zote: dereva hajulikani, na gari halijulikani. Nitasema wazi. Korti haiwezi kutoa hukumu juu ya mtu asiye na jina. Nchi nyingine zimetengeneza dawa ya jambo hili. Uingereza, kampuni za bima zilianzisha ofisi ya pamoja mwaka 1946, na tangu mwaka 1969 kuna mapatano ya kuwalipa watu walioumizwa na madereva wasiopatikana. Afrika Kusini kuna Mfuko wa Ajali za Barabarani. Aliyegongwa na gari lisilojulikana huleta madai katika miaka 2, na bado ni lazima aonyeshe kwamba dereva yule asiyejulikana alikuwa na uzembe. Huonyesha kwa njia zile zile: alama, vipande, mashahidi. India, tangu Aprili 2022, hulipa rupia 200,000 kwa aliyekufa na rupia 50,000 kwa aliyeumia vibaya, bila kuuliza makosa ya dereva. Hapa Kenya hatuna mfuko wa namna hiyo. Kwa maoni yangu tunauhitaji, maana mwenye gari analipa bima kila mwaka, na mtu wa baiskeli anagongwa kila mwaka, lakini fedha na mgonjwa hawakutani. Mpaka hapo, nambari ya gari iliyoandikwa mkononi kwa kalamu ya mtoto wa shule ndiyo mfuko wetu.

Naomba niseme jambo lingine, hata kama baadhi yenu halitawapendeza. Kuna vijiji ambavyo gari likigonga mtu, watu hulipiga mawe au kulichoma, na dereva hupigwa. Sheria inamtaka dereva asimame, atoe jina lake na la mwenye gari, na aripoti polisi upesi, kabla ya saa 24 kupita. Kukimbia ni kosa. Lakini dereva aliyeona lori la mwenzake likichomwa hatasimama. Na lori lililochomwa halina rangi, halina kioo, halina breki za kukaguliwa. Mliyemtetea kwa moto mmemchomea kesi yake.

Dereva akipatikana na kushtakiwa na serikali, fuatilieni kesi hiyo. Akihukumiwa kwa kuendesha vibaya na asiposhinda rufani, hukumu hiyo ni ushahidi katika kesi yenu ya malipo. Hata akiachiliwa, kesi ya malipo bado yaweza kuendelea, kwa sababu ya ile mizani tuliyoieleza.

Mwenye gari atajaribu kusema kwamba na wewe ulikuwa na makosa. Baiskeli haikuwa na taa. Ulivaa nguo nyeusi. Ulikuwa umelewa. Mambo hayo yakithibitishwa, hayaui kesi yako, bali hupunguza malipo. Kwa mfano, korti inaona ulistahili shilingi 400,000, lakini makosa yako ni sehemu 20 katika 100. Utakatwa shilingi 80,000, utapata shilingi 320,000. Kwa hiyo sema kweli juu ya taa yako. Ukisema uongo juu ya taa, hakimu hatakuamini juu ya trela. Kuhusu watoto, Mahakama ya Rufani imekwisha sema kwamba mtoto wa chini ya miaka 10 halaumiwi kwa namna hii. Ninyi mnaokwenda kwa miguu, pitieni upande wa kulia mkiyatazama magari yanayokuja. Hivyo mtaliona gari mapema, na hata nambari yake mtaisoma.

Muda wa kufungua kesi ya uzembe ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Miaka 3 ni mifupi. Mwaka mmoja hospitali, mwaka mmoja kungoja polisi, na wa tatu unakwisha kabla hujapata nauli ya kwenda kwa wakili. Kama mtu amekufa, madai ya mume, mke, wazazi na watoto wake nayo yana miaka 3 tangu siku ya kifo, na familia itahitaji kibali cha korti cha kusimamia mambo ya marehemu. Barua ya chifu inayotaja watu aliowaacha itatakiwa, basi iombeni mapema. Madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 kwa mtu aliyeumia yaweza kupelekwa katika Korti ya Madai Madogo, pale ilipofunguliwa. Huko kesi huendeshwa kwa njia rahisi na unaweza kujisemea mwenyewe.

Mwisho kuna wale watu wanaokuja hospitali wakiwa na mikoba. Mgonjwa bado ana maumivu, nao wanamwambia, "Mzee, weka dole gumba hapa, tutakusaidia." Wengine hutumwa na mawakili, wengine na wenye magari. Karatasi ile yaweza kusema kwamba umekubali shilingi 20,000 na hutadai tena maisha yako yote. Usiweke dole, wala sahihi. Mwambie aache karatasi hapo. Isome pole pole, neno kwa neno, na ukifika mahali palipoandikwa kiasi cha fedha, na mahali palipoandikwa "malipo ya mwisho", simama hapo umwite mtu unayemwamini asome pamoja nawe. Akikataa kuiacha karatasi, mwache aende nayo.